Nimwendee Nani? Nasaha kwa Aliyefikwa na Talaka

Miongoni mwa maswali ambayo wasomaji hawachoki kuyaleta, wake kwa waume, wa bara na wa pwani, lipo moja ambalo maneno yake hubadilika lakini muradi wake haubadiliki: ndoa yangu inavunjika, moyo umenielemea, nami sijui nimwendee nani. Anayeuliza hivi aghalabu si mtu asiye na watu. Ana mama, ana shangazi na wajomba, ana jirani anayebisha hodi kila asubuhi, na pengine siku ile habari ilipoenea wageni walijaa ukumbini hata vikombe havikutosha. Na bado walipoondoka alijiona mkiwa kuliko alivyokuwa kabla hawajaja.

Sababu yake, kwa nionavyo, ni kwamba talaka kwetu si shauri la watu wawili bali ni shauri la aila mbili, na wale wale wanaokuja kufariji ndio watakaoketi kesho kuamua nani alikosa, ndio watakaobishana juu ya mahari, ndio watakaoitwa mashahidi, na ndio watakaowapokea wazee wa upande wa pili wakija kuomba suluhu. Mwenye msiba humwaga yaliyo moyoni mbele ya mahakimu wake bila kujua kuwa ni mahakimu. Kwa hiyo nasaha zangu zote hapa zimesimama juu ya jambo moja: usimtafute mtu mmoja wa kukubebea yote, wala usiwachanganye wenye kazi mbalimbali. Anayekusikiliza awe mbali na anayesuluhisha, na mjuzi wa sheria asigeuzwe tabibu.

Mtenge msikilizaji na msuluhishi

Msuluhishi ana heshima yake, na dini na serikali zote zimempa nafasi. Waislamu wanajua kwamba Suratun Nisaa, katika aya ya 35, imeagiza wapelekwe waamuzi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Na Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka anayeomba talaka mahakamani apitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, nalo lithibitishe kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa katika hali chache ambazo sheria yenyewe imezitaja. Hayo ni mema. Walakini kazi ya msuluhishi ni kupima, na mwenye kupima hawezi kuwa wako peke yako. Akiwa wako peke yako, ameiharibu kazi. Ukimlilia mjomba ambaye Jumamosi atakuwa mwamuzi, litatokea moja katika mawili: ama atayachukua uliyoyasema kwa ghadhabu saa sita za usiku ayaweke mbele ya kikao kana kwamba ndiyo madai yako, ama ataumia kwa ajili yako hata asiweze tena kufanya insafu, na upande wa pili wamkatae.

Fanya hivi, na ufanye kwa utulivu, hata ikiwa itakuchukua siku mbili:

1. Chukua karatasi uandike majina ya wote wanaoweza kuketi katika kikao cha ndoa yako: wazazi, wajomba, mshenga, mashahidi wa ndoa, sheikh au mchungaji aliyeifungisha. Hawa wape habari za kikao tu, yaani kilichotokea, siku kilipotokea, na unachotaka.
2. Chini yao waandike jamaa za mwenzako, kisha uwaweke kando kwa adabu. Najua wapo mawifi walio bora kuliko dada wa tumbo moja. Hata hivyo usimtie mtu katika mtihani wa kuchagua baina yako na ndugu yake, maana atamchagua ndugu yake, na hatakuwa amekosa.
3. Katika waliobaki, wateue wawili, au watatu kwa wingi. Wakizidi hapo, maneno yako yatakutangulia sokoni.
4. Mmoja kati yao awe anaishi karibu, pa kumfikia kwa miguu, kwa sababu kuna siku simu haitoshi.

Kwa mwanamke wa pwani, mtu wa kwanza anayemjia akilini ni somo wake, yaani kungwi aliyemfunda. Sisemi asimwendee. Nasema afikiri kwanza, kwani somo ndiye aliyemwingiza katika ndoa ile, na baadhi yao huona kuvunjika kwake ni aibu yao wenyewe, ikawa kila neno analolijibu ni vumilia, na kila chozi ni dalili ya mafunzo yaliyosahauliwa. Ikiwa somo wako ni wa namna hiyo, endelea kumwamkia na kumheshimu, na ya moyoni uyapeleke kwingine.

Dalili za mtu anayefaa

Usitazame umri wala elimu. Tazama haya:

- Umewahi kumwachia siri ndogo, nayo ikakaa. Ikiwa hujawahi, mjaribu sasa kwa jambo jepesi usubiri wiki moja.
- Hana faida katika talaka hii. Hataki kukuoa wala kukuoza kwa ndugu yake, hakudai, wala hana kiwanja anachokimezea mate.
- Ukisema, hakukatizi ili asimulie ya kwake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wapo watu wengi wema ambao, kwa kuwa walikwisha kuvuka mto huo, huona maji yako ni ya kifundoni.
- Anaweza kukuambia, hapo nawe umekosa, bila ya kukudhalilisha.
- Hakuletei habari za mwenzako, kavaa nini, kaonekana na nani. Anayekuletea habari huondoka na habari.

Ukishampata, usimwache akisie unachotaka. Watu wetu wamelelewa kwamba mtu akija na shida ni lazima arudi na shauri, kwa hiyo asipoambiwa vinginevyo atakutolea shauri kabla hujamaliza sentensi ya pili. Mwambie waziwazi: «Shangazi, leo nimekuja unisikilize tu, shauri nitakuja kukuomba siku nyingine, na usimwambie Baba mpaka nikuruhusu.» Au ikiwa ni rafiki wa kiume: «Kaka, sitaki tuzungumze juu yake, nataka tutembee hadi ufukoni na tukirudi nile kwako.» Maneno kama haya huwa mazito kinywani mara ya kwanza, lakini humpumzisha anayeyasikia, kwa sababu sasa anajua kazi yake ni ipi.

Na uombe pia msaada unaoshikika. Moyo uliochoka hautulizwi kwa maneno peke yake. Hutulizwa na mtu atakayewachukua watoto alasiri moja, na mwingine atakayefuatana nawe mahakamani akae nje ya mlango akusubiri. Mtu akikuuliza akusaidie nini, usimjibu kwamba hamna neno. Mpe kazi.

«Lakini siri ya nyumba haitolewi nje»

Hili ndilo pingamizi la wengi, nami silidharau, kwani sitara ni katika mambo yaliyotuhifadhi. Ila siri ya nyumba ina mpaka. Yaliyo ya mwili wa mwenzako, maradhi yake, udhaifu wake chumbani, madeni aliyokuambia kwa kukuamini, hayo ni amana, na talaka haiiondoi amana. Ama yaliyo yako, kwamba hulali, kwamba chakula hakipiti, kwamba unaogopa kurudi kwenye nyumba tupu, hayo ni mali yako na unaweza kumpa umtakaye. Mtu anaweza kulia mwaka mzima mbele ya rafiki yake asitoboe hata moja katika yale ya kwanza. Na kama mwenzako anakupiga au anakutisha, hiyo si siri ya nyumba hata kidogo, na nitalirudia jambo hilo mbele.

Wengine husema: nitachekwa, wataona sikuvumilia. Ndiyo, wapo watakaocheka, na wangecheka hata ungenyamaza.

Dhiki nyingine ni hofu ya kutojua

Ukikaa na waliofikwa na talaka utagundua kwamba sehemu kubwa ya wanayoiita huzuni ni hofu: nitaishi wapi, watoto watachukuliwa, nitatoka mikono mitupu. Hofu ya namna hii shoga hawezi kuiondoa, hata akikukumbatia mpaka asubuhi, kwa sababu dawa yake ni kujua, na pengine shoga mwenyewe ndiye aliyekuongezea kwa maneno aliyoyasikia saluni. Chukua mfano wa mke aliyekaa nyumbani miaka ishirini akipika, akifua na kulea, naye anaambiwa kwamba kwa kuwa hakuwa na mshahara hana chake. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani zaweza kuhesabiwa kuwa mchango katika mali iliyochumwa katika ndoa. Haina maana kwamba kila mke atapata nusu, kwani mahakama hutazama kila kesi kwa ushahidi wake. Lakini mwanamke anayelijua hilo hulala usingizi ulio tofauti na wa yule asiyelijua.

Basi mapema, kabla hujatia saini karatasi yoyote, umtafute mjuzi. Asiye na fedha za wakili Tanzania Bara ana wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wanasheria wanawake wa TAWLA. Kenya wapo wenzao wa FIDA, na kwa Waislamu ziko mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya mwaka 2010 inazitambua. Nenda na cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na maswali yako yameandikwa. Usiende kumlilia wakili. Si kwamba hana huruma, bali wasaa wake ni mfupi, na machozi yatakula nafasi ya maswali.

Eda, kanisa, na watu wa dini

Mwanamke wa Kiislamu aliyeachwa hukaa eda ya twahara tatu, au miezi mitatu ikiwa haoni damu, au mpaka ajifungue ikiwa ana mimba. Wengi huiona kama kifungo. Lau wangeitazama vizuri wangeona kwamba ni wasaa ambao sharia imeuzungushia ua: hapana posa itakayokubaliwa, hapana wa kukuharakisha, na katika talaka rejea mume analazimika kukupa makazi na masurufu muda wote huo. Desturi ya kumfungia mwanamke virago siku ile ile na kumrudisha kwao usiku haina asili katika dini, na ni katika mambo yanayovunja moyo kuliko talaka yenyewe. Tumia muda huo kulala, kusoma, kupanga hesabu zako. Uamuzi mkubwa, kama vile kuhama mji au kuuza dhahabu, uache mpaka eda imalizike.

Kwa Mkatoliki jambo linalotesa ni jingine. Wengi wamejitenga na kanisa wakidhani kwamba talaka ya mahakamani imewafungia Komunyo, ilhali aliyetalikiana kiserikali na asiingie katika ndoa nyingine hazuiwi kwa sababu hiyo peke yake. Na anayetaka kujua kama ndoa yake ilikuwa halali mbele ya kanisa anaweza kupeleka shauri katika mahakama ya jimbo, ambayo Papa Fransisko aliufupisha mwenendo wake mwaka 2015. Muulize paroko. Usimuulize jirani.

Nina neno moja juu ya watu wa dini kwa jumla. Sheikh au mchungaji anayekukemea kabla hajakusikiliza, badili. Wapo wengine, hata katika mtaa huo huo.

Wanaume nao

Mwanamume aliyeachana na mkewe huenda barazani kama kawaida, hunywa kahawa yake, hucheza bao, na akiulizwa hali ya nyumbani husema salama. Wenzake wanajua, naye anajua kwamba wanajua, na mchezo unaendelea. Hili twaliita ustahimilivu, na mimi naona ni upweke uliovishwa kanzu. Kinachofuata mara nyingi ni chupa, au ni mke mwingine aliyeolewa kwa haraka ili kuwaonesha watu kwamba hakuna kilichopungua, naye maskini akaingia katika nyumba ambayo matanga yake hayajaanuliwa.

Ndugu yangu, mwanamume hazungumzi vizuri akiwa ametazamwa usoni. Zungumza mkiwa mnafanya kazi, mnatengeneza nyavu, mnaendesha gari kwenda Tanga, mnasubiri mechi ianze. Mteue mmoja barazani umvute kando, umwambie neno moja la kweli: silali. Utashangaa ni wangapi watakaokujibu kwamba nao walipitia hapo.

Mtoto si msiri wako

Katika upweke, mtoto wa miaka kumi na miwili aliye msikivu na mwenye huruma huonekana kama aliletwa na Mungu awe rafiki. Jizuie. Mtoto huyo anampenda na yule mwingine pia, na kila unalomwambia juu yake humkata pande mbili. Mwambie mambo matatu tu, ukiweza mbele ya mzazi mwenzako: kwamba sisi hatutaishi pamoja, kwamba wewe hukusababisha, na kwamba utakula, utasoma na utalala mahali fulani. Akikukuta unalia, sema kwamba una huzuni na kwamba bibi au shangazi anakusaidia, ili ajue si kazi yake. Kumpa barua apeleke kwa baba yake, au kumuuliza kule kumelalaje, ni kumfanya tarishi na jasusi.

Makosa yanayorudiwa kila siku

- Kutuma ujumbe wa sauti kwa mwenzako usiku wa manane. Hautafutika, na siku moja waweza kusikilizwa mbele ya hakimu. Ukishikwa na hamu hiyo, mtumie msiri wako.
- Kuyamwaga katika kundi la simu la ukoo au la kikoba. Huko kuna watu arobaini, na kila mmoja ana shemeji.
- Kumwendea mganga ili mwenzako arudi au aharibikiwe. Fedha itakwenda, na tumaini utakalouziwa litakuzuia kuanza kupona.
- Kutafuta faraja kwa mpenzi mpya kabla ya shauri kwisha. Nasema haya bila ya kuhukumu. Ila moyo uliojeruhiwa hauchagui, hushika chochote.
- Kumfukuza kila asiyekuunga mkono. Anayekupinga kwa adabu, mweke.
- Kuacha kazi au biashara kwa sababu ya aibu. Mahali pa kazi ni mahali pekee ambapo kwa saa kadhaa wewe si mtalaka bali ni mwalimu, ni fundi, ni mama ntilie mwenye wateja wake.

Pale rafiki asipotosha

Huzuni ya talaka ni jambo la kawaida, nayo huja na kuondoka. Lakini ikiwa wiki mbili zinapita na kila siku ni giza tangu asubuhi, usingizi umekatika au umezidi, chakula hakina ladha, kazi haishikiki, na vitu ulivyovipenda havikugusi tena, huenda ni sonona, nayo ni maradhi yenye tiba. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, umweleze daktari kama vile ungemweleza habari ya homa, akupeleke kwa mtaalamu. Hospitali kubwa kama Muhimbili zina idara za afya ya akili, na kwenda huko si kusema kwamba una wazimu. Ukijiwa na fikra ya kujiua, usibaki peke yako hata saa moja: mwite mtu, aje akae nawe, akupeleke hospitali siku ile ile, mchana au usiku.

Na ikiwa hatari ni mwenzako, ikiwa amekupiga, amekutishia kwa silaha, au ameapa kwamba hutatoka hai, hapo hapana kikao cha wazee cha kusubiri. Ondoka kwanza uwe mahali pa salama, kisha uende polisi. Tanzania vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na nambari 116 hupokea habari za watoto walio hatarini. Kenya piga 1195. Usimwambie mapema kwamba unaondoka, kwa kuwa saa ya kuondoka ndiyo yenye hatari kuliko zote. Wazee watakuambia urudi mkazungumze. Waambie mtazungumza, ila wewe ukiwa kwako na yeye kwake.

Neno kwa jamaa

Pengine wewe unayesoma hujaachwa wala hukuacha, ila una dada, binamu au rafiki aliyefikwa. Usimuulize kwani ilikuwaje, akitaka atakuambia. Usimtukanie mwenzake, maana wakirejeana wewe ndiwe utakayekuwa adui wa wote wawili. Usingoje kuitwa, kwa kuwa hataita. Wiki ya kwanza watu watakuwa wengi na hutahitajika sana. Nenda wiki ya sita, watu wakishamsahau, ukamsaidie kupika, mle pamoja, na ukae mpaka atakapokuambia nenda.